Asali ya Mama Mkwe

Mtu akikuambia hajawahi kuona kazi ya Brashi, muulize anatembea amefumba macho au vipi, maana mtaa mzima ameuandika yeye. Duka la dawa, kinyozi, shule ya chekechea yenye bata ukutani, gereji yenye neno "Breki" lililoandikwa vizuri mpaka mwenye gari zima anatamani limharibikie aingie: yote hayo ni mkono wake. Hatumii kompyuta wala karatasi za kubandika. Anachukua uzi uliopakwa chaki, anaupiga ukutani unaacha mstari, anaegemeza kiganja kwenye kijiti chenye kitambaa mwisho ili mkono usitetemeke, halafu anaivuta herufi kwa pumzi moja. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho na huko ndiko linakokaa. Watu wote humwita Brashi, hata mkewe akikasirika.

Kwa miaka mingi kazi iliyomweka mjini ilikuwa kuchora soda. Chupa ndefu kuliko mtu, yenye matone ya baridi yanayoteremka, na aliyachora yale matone kwa ufundi hivi kwamba mpita njia alimeza mate bila kujijua. Kila ukuta ulipokamilika mwenye duka alimwongezea kreti ya asante. Basi Brashi akawa anakunywa alichokichora. Asubuhi soda na keki ya pakiti, juu ya ngazi soda na biskuti, na nyumbani tomato sosi ilimwagwa hata kwenye mayai. Chai yake, jamani, tusiizungumzie. Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi, na alisema naye mpaka ulimi ukakauka. Brashi alimjibu kwamba mtu anayesimama juani kutwa lazima aweke nguvu mwilini. Mwalimu ameshinda na darasa zima la wabishi. Akirudi nyumbani hana hamu ya mbishi mwingine, kwa hiyo aliacha.

Kisukari kiliingia bila kubisha hodi. Kwanza kiu, akasema ni jua. Kisha uchovu, akasema ni umri. Halafu siku moja alikuwa anaandika "Mikopo" juu ya mlango wa ofisi fulani, O ya kwanza ikatoka mviringo safi, ya pili ikatoka yai. Mwenye ofisi alicheka, akadhani ni mtindo mpya, akamsifu. Brashi hakucheka. Alishuka ngazini, akafumba jicho moja akautazama mkono wake, akafumba la pili akautazama tena, na mara zote mbili vidole vilikuwa na ukungu.

Kliniki walimwambia ana kisukari na kwamba si cha jana. Daktari wa macho alimmulika akasema mishipa midogo ya nyuma ya jicho imeanza kuharibika, na kilichokwisha kuharibika hakirudi chote. Dawa atapewa. Lakini vidonge peke yake havitamsaidia kama ataendelea kuvifuata na soda. Sukari ikishuka na kukaa chini, ana nafasi nzuri ya kubaki na macho yake. Isiposhuka, giza litakuja polepole, na halitamwuliza kama yuko tayari.

Brashi hakuwa mwoga wa kufa. Mtu wa ngazi huwa amekwisha kuzoea wazo hilo. Upofu ndio uliomtia baridi. Hakujua kazi nyingine, na tuseme ukweli, hakutaka kuijua. Alitoka pale akapita mtaani taratibu, akisoma vibao vyake kimoja kimoja kama mtu anayewaaga watu wake.

Mwalimu hakupoteza muda kulia. Alimpigia mama yake simu, na haukupita muda Mama Mkwe akashuka mlangoni na begi moja la nguo, mashine ndogo ya mkono ya kusagia, na dumu la asali.

Hapa lazima nisimame kidogo, la sivyo hutaelewa yaliyofuata. Brashi alipokwenda kuposa, wajomba wa binti walimcheka usoni. Mpaka rangi, wakasema, atamlisha nini mtoto wetu, chokaa? Mama ndiye aliyewanyamazisha. Alimwuliza kijana swali moja tu: akikosea herufi, huifuta au hupaka rangi juu yake? Brashi akajibu kwamba huifuta mpaka ukuta uwe safi, ndipo huanza upya. Mama akasema huyu anatosha, na mjadala ukaishia hapo. Tangu siku ile Brashi alimheshimu yule mama kuliko alivyomheshimu mtu yeyote aliye hai. Mbele yake alikuwa na maneno mawili tu, "ndiyo, Mama" na "asante, Mama," na akikaribishwa chakula alikula mpaka sahani ing'ae.

Jambo la pili. Mama alikuwa amefiwa na mumewe, na tangu kuzikwa kwa mzee alikuwa amepoa. Akipigiwa simu alijibu yuko salama, akakata. Majirani zake walisema hapiki, anakunywa chai tu na mkate mkavu. Mwalimu alipomwita aje kuokoa macho ya mkwe, alikuwa anajaribu kuokoa watu wawili kwa nauli moja, ingawa hilo hakulitamka.

Na Mama alikuja, wacha we! Asubuhi ya kwanza alivaa miwani, akafungua kabati na friji, akaanza kusoma pakiti kwa sauti kama anayetangaza majina ya waliofeli. Tomato sosi, sukari imo. Mtindi wenye picha ya matunda, sukari imo. Mkate, hata mkate, imo. Kila aliyepatikana na hatia alitupwa kwenye gunia. Brashi alikaa pale amejikaza kisabuni, akitazama biskuti zake za krimu zikienda. Angekuwa mkewe anayefanya vile, nyumba ingewaka moto. Lakini ni mkwe, na mkwe habishiwi. Mwalimu alisimama mlangoni akifunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa, ili asionekane anavyocheka.

Kisha kazi ikaanza. Nyanya zilizoiva zilichemshwa, zikamenywa, zikarudi jikoni na kitunguu, kitunguu saumu, siki na pilipili manga, zikaachwa zichemke polepole hadi zikawa nzito na nyumba nzima ikanukia. Binti yao, ambaye alikuwa ameapa hatakula chipsi tena maisha yake bila sosi ya chupa, alichovya moja, akavuta bakuli kwake. Karanga zilikaangwa bila mafuta, zikasuguliwa maganda, zikapepetwa uani, zikapita kwenye ile mashine ya mkono mpaka zikatoa mafuta yake zenyewe na kuwa siagi laini ya kupaka mkate. Maziwa yalichemshwa, yakapoa mpaka kidole kikayavumilia, yakatiwa kijiko cha mtindi mtupu, kisha sufuria ikaviringishwa kwenye sweta ya Brashi, ile nzuri ya kijivu, ikalala pembeni ya jiko. Asubuhi mtindi ulikuwa umeganda safi, na Brashi akaenda kazini bila sweta.

Karanga zile Brashi ndiye aliyezisaga jioni, Mama akizimimina. Mara ya kwanza alikubali kwa sababu hakujua namna ya kukataa. Baadaye alijikuta anaisubiri ile saa. Mkono uliozoea brashi ulipenda kuzungusha kitu na kukiona kinabadilika. Na Mama, akiwa anamimina, alianza kusimulia: mzee alivyokuwa akikoroma, alivyomchumbia, alivyowahi kuvaa viatu tofauti siku ya mkutano na kushikilia hadi mwisho kwamba ndivyo alivyotaka. Alicheka. Siku moja Mwalimu alirudi kutoka shule akasimama uani bila kuingia, kwa sababu mama yake alikuwa anaimba jikoni. Jioni ile alimshika Brashi mkono na kumwambia kwamba hajui atamshukuru vipi kwa ugonjwa wake. Yalikuwa maneno ya ajabu, lakini Brashi aliyaelewa vizuri kabisa.

Sasa, lile dumu. Mama alikuwa na imani na asali kama watu wengine walivyo na imani na benki. Sukari nyeupe alikuwa ameifukuza nyumbani, haikuonekana hata chembe. Lakini asali, alisema, imetoka kwa nyuki, haijapita kiwandani, hiyo ni dawa. Basi asali iliingia kwenye uji, ikaingia kwenye chai, ikamwagwa juu ya mtindi. Na badala ya soda kulikuwa na jagi. Machungwa, maembe, nanasi, vyote vimekamuliwa kwa mikono yake na kuchujwa vizuri ili mkwe asisumbuke na nyuzinyuzi, kisha kijiko cha asali ili kulainisha. Jagi lile halikuwahi kuonekana tupu. Brashi alikunywa asubuhi, akabeba chupa kazini, akarudi akakunywa tena, roho imetulia. Vyote vimetengenezwa nyumbani. Kuna ubaya gani hapo?

Alirudi kliniki kifua mbele. Muuguzi wa pale alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akamtazama yeye, akatoboa kingine. Sukari ilikuwa imeshuka kidogo sana, kidogo cha kutia aibu. Akamwuliza anakula nini, na Brashi akaeleza kwa fahari: soda ameacha, biskuti ameacha, sosi, siagi na mtindi vyote vya nyumbani. Na kinywaji? Juisi halisi. Na utamu kwenye uji? Asali halisi. Muuguzi akaweka kalamu chini. Alimweleza bila kumcheka kwamba damu haiulizi sukari imetoka kiwandani au kwenye mzinga. Asali ni sukari. Juisi iliyochujwa ni sukari ya matunda mengi iliyoachwa peke yake, nyuzinyuzi za kuichelewesha zimetupwa. Ale chungwa zima, moja, atafune. Asikamue nusu debe na kulinywa. Sosi na karanga aendelee navyo, hivyo ni vizuri. Lakini asali na lile jagi vinamla macho.

Alirudi nyumbani amekata shauri atasema leo leo. Akamkuta Mama amesimama mlangoni na gilasi mkononi, baridi, imepambwa na kipande cha chungwa ukingoni.

"Karibu, mkwe wangu. Wamesemaje?"

Na Brashi, mwanamume mzima anayepanda ngazi ghorofa tatu bila kamba, akapokea ile gilasi kwa mikono miwili. "Wamesema inashuka, Mama. Asante, Mama." Akainywa yote.

Usimhukumu haraka. Alijaribu kuyapanga maneno, na kila alivyoyapanga yalitoka vibaya. Amwambie nini mama aliyemkubali watu wote walipomkataa? Kwamba dawa yake ndiyo sumu? Kwamba nyimbo zile zote za jikoni zilikuwa zinampofusha? Akilini alimwona akirudi kwenye mkate mkavu na simu za kukatwa. Kumwambia mkewe nako hakuthubutu, kwani Mwalimu hana breki. Angemwaga mtama palepale mezani. Akajiambia atapunguza kimyakimya, kidogo kidogo, bila mtu kuumia.

Ujanja wake ulikuwa wa kitoto. Juisi ya asubuhi akawa anaimwaga kwenye chungu cha maua dirishani Mama akigeuka. Ikafanya kazi mpaka sisimizi walipopata habari. Walikuja ukoo mzima, wakapanga foleni kutoka ukutani hadi kwenye chungu. Mama akawashangaa, akasema maua haya yana nini, akawamwagia maji ya moto, kisha akamjazia mkwe gilasi nyingine akae akinywa wakati yeye anapiga deki. Kazini chupa aliimwaga mtaroni, ila nyumbani hakuwa na pa kukimbilia. Uji ulikuja umeshakorogwa. Alikula. Asante, Mama.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka siku aliyokuwa anaandika kibao cha wodi ya wazazi. Kazi nzuri, herufi za buluu kwenye ukuta mweupe. Akaona uzi mweusi umenata ukutani. Akachukua kitambaa akaufuta. Haukutoka. Akafuta tena kwa nguvu, na uzi ukasogea kando. Akaufuata na kitambaa, ukasogea tena, ukapanda kwenye dari, ukashuka kwenye ngazi, na popote alipotazama ulikuwa umeshafika. Ndipo alipoelewa kwamba uzi hauko ukutani. Aliweka brashi kwenye kopo, akashuka kipande kwa kipande akipapasa kwa mguu, akakaa chini kwenye saruji. Kisha akatoa simu, akawapigia hospitali ya macho.

Hospitali ya macho walimwita siku ya pili yake, na kwa kuwa wangemtia matone ya kupanua mboni, alihitaji mtu wa kumwongoza kurudi. Mwalimu alikuwa anasimamia mitihani. Mama akavaa viatu vyake vizuri, akasema mkwe wake hataongozwa na mtu baki wakati yeye yupo. Unaona jambo lilivyojipanga.

Daktari alikuwa mwanamke mtaratibu, si mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha Mama kiti, akammulika Brashi jicho la kwanza, la pili, akarudi kwenye la kwanza. Akasema mshipa umevuja ndani, huo ndio uzi anaouona. Atamchoma kwa mwanga maalumu kuzuia mingine. Lakini ni kazi bure kuziba bati huku mvua inaongezwa. Akafungua faili lake la kliniki akasoma, kisha akauliza kwa upole: muuguzi alikueleza kuhusu asali na juisi, imeandikwa hapa, sasa mbona sukari bado iko juu? Ni nani nyumbani anayekuwekea?

Brashi, mboni zimepanuka, haoni kitu ila mwanga mweupe mtupu, alijua kiti cha Mama kiko upande gani na hakugeuza uso.

"Hakuna mtu, daktari. Ni mimi mwenyewe. Ninapenda asali."

Daktari akashusha pumzi. Akasema basi ajue wazi: akiendelea kuipenda hivyo, hawezi kumwahidi kwamba ataiona sikukuu ya mwakani kwa macho yake. Hakupandisha sauti. Akaandika, akawafungulia mlango.

Mama alimshika mkwe wake kiwiko, akamwongoza kupita korido ndefu, wagonjwa wamepanga pande zote mbili. Walipofika kwenye benchi la nje, chini ya kibaraza, akamkalisha, akakaa naye. Brashi hakumwona uso, alisikia tu mkoba ukifunguliwa, leso ikitolewa, pua ikipengwa. Kisha sauti, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia.

"Ulijua tangu siku ile niliyokupokea mlangoni?"

"Ndiyo, Mama."

"Ulikuwa tayari upofuke kwa ajili ya adabu?"

Lile "ndiyo, Mama" halikumtoka Brashi, kwa mara ya kwanza tangu aoe. Mama alilia waziwazi pale benchini, bila kujali wanaopita, na katikati ya kulia akamkaripia kwa yote: kwa uongo mbele ya daktari, kwa sisimizi, ambao sasa aliwaelewa, kwa gilasi alizopokea kwa mikono miwili. Alimwambia amezika mume mmoja ambaye naye hakusema kifua kinamuuma mpaka kikamlaza chini, kwa sababu hakutaka kumtia mtu wasiwasi. Alimwambia amechoshwa na wanaume wanaomstahi hadi kaburini. Kisha akasema kesho atafunga begi lake, maana jiko limemshinda.

Hapo ndipo ulimi wa Brashi ulipofunguka. Pengine kwa sababu haoni. Mtu asiyeona uso wa mkwewe ana ujasiri kidogo. Alisema asiondoke. Alisema nyumba yao haikuwahi kuwa nyumba kama ilivyo sasa, kwamba binti anakula, mkewe anacheka, na yeye anaharakisha kurudi kutoka kazini kama kijana mchumba kwa sababu ya kusaga karanga. Alisema alimwomba Mungu macho tu, lakini Mama alipokuja akapewa zaidi ya alichoomba, na ndiyo maana aliogopa kufungua mdomo asije akavipoteza vyote. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo, hata siku ya kuposa. Alipomaliza alikuwa anatokwa jasho.

Mama akaikunja leso yake. Kisha akasema atabaki kwa sharti moja: mezani kwake, kuanzia leo, mtu aseme ukweli. Kama kitu ni kibaya, aseme ni kibaya. Kama kinamdhuru, akisukume. Neno "asante" alitunze kwa kile kinachostahili.

Jioni ile dumu la asali lilikwenda kwa jirani mwenye watoto wengi, na jagi likajazwa maji yenye vipande vya limau. Machungwa yaliwekwa kwenye bakuli, mazima mazima, atakayetaka amenye. Uji ulipikwa mtupu, ukanyunyiziwa karanga za kusagwa, na Brashi alikunja uso kwa siku nyingi kabla ulimi haujakubali. Wiki ya kwanza aliota soda. Usicheke, aliota kweli, zile za ukutani zikimwagika. Jicho lilichomwa, likatulia, na ule uzi ukafifia ukawa kivuli anachokiona tu akiwa amechoka. Vidonge alimeza bila kukosa. Na sukari, taratibu, bila haraka yoyote, ilianza kuteremka; muuguzi safari hii alitoboa kidole kimoja tu. Kibao cha wodi ya wazazi alikimalizia mwenyewe. Kila asubuhi akipanda ngazi na kuuona mstari wake wa chaki umenyooka, husimama kidogo kabla ya kuchovya brashi, akashukuru kimoyomoyo, akimtaja kwanza Mungu, kisha yule mama.

Kuhusu ukweli wa mezani, huo ulichukua muda zaidi kuliko sukari. Mtu hajifunzi siku moja kumwambia mkwewe kwamba maharage hayana chumvi. Alianza kwa kukohoa. Akaenda kwenye "labda." Mama alimngoja, hakumrahisishia.

Kisha mdogo wake Mama akaja kuwatembelea. Huyu ni mama wa taratibu zote, anayejua nani aingie mlango gani na nani akae wapi. Mama aliamua kumwonyesha mkate. Ulikuwa wa kwanza kuoka mwenyewe kwa unga usiokobolewa, akautia chachu na kuuacha uumuke asubuhi yote, akautoa umepasuka juu kwa uzuri, akaukata mbele ya wote na kumpa Brashi kipande cha kwanza. Brashi alitafuna. Akatafuna tena. Aliendelea kutafuna wakati mgeni ameshamaliza kueleza habari za safari.

"Mama," akasema, "mkate huu haujaiva katikati. Na ni mgumu. Nayaogopea meno yangu."

Binti akaacha kula. Mwalimu akashika mdomo. Mama alimtazama mkwewe, akabonyeza kipande kwa kidole, akaona unga mbichi, na akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, mpaka akashika meza.

Mdogo wake alikuwa amekasirika kabisa. Akauliza mkwe gani huyu, anamwambia mama wa mkewe maneno kama hayo mbele ya wageni, na dada yake anachekelea nini?

"Mkwe alikula akanyamaza," Mama akamjibu, akifuta macho, "akakaribia kupofuka hapa hapa mezani kwangu. Huyu ni mwanangu."

Brashi aliinamia sahani yake. Machozi yalikuwa yamemjaa, meza yote imekuwa ukungu, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuogopa kwamba haoni vizuri.